Kizibao cha Shemeji

Mbwa wa mke wangu anaitwa Shemeji. Jina hilo hakupewa na mke wangu. Alipewa na Tisa, seremala tunayechangia naye karakana nyuma ya nyumba yangu, ambaye tunamwita hivyo tangu msumeno ulipomla kidole. Siku mke wangu alipohamia kwangu alishuka kwenye gari la mizigo na masanduku yake, vyungu vyake vya maua na mbwa wa kahawia mwenye mvi puani. Tisa akaweka randa chini akapiga kelele, "Bwana harusi, umeletewa na shemeji!" Watu wakacheka, na jina lake la zamani likafa hapohapo.

Nilioa nikiwa mtu mzima, na mke wangu naye hakuwa msichana. Alikuwa ameishi na yule mbwa miaka mingi, wao wawili tu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuja kuwaingilia. Shemeji hakunibwekea wala hakuning'ata. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anavyomtazama jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa mpaka chakula kikaiva.

Uvimbe wa Shemeji ulianza ubavuni, mdogo kama kunde. Nikasema ni kupe. Mke wangu akasema si kupe. Ulipofika ukubwa wa yai la kanga nikaacha kubisha, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akauchoma sindano akaupima, akasema si wa kusambaa lakini lazima utoke. Siku ya upasuaji ikapangwa. Wiki hiyohiyo shemeji yangu wa kweli, mdogo wake mke wangu, akajifungua kwa shida, naye akapasuliwa.

"Mdogo wangu kapasuliwa, mbwa wangu anapasuliwa, na mimi ni mmoja," mke wangu alisema huku anafunga begi. Kisha akanishika ukosi wa shati, kitu ambacho hajawahi kukifanya. "Nikirudi nimkute. Umenisikia? Nimkute."

"Utamkuta."

"Usiniambie utamkuta kwa sauti hiyo unayowaambia wateja kwamba kochi liko tayari."

Akaondoka, Shemeji akiwa bado kwa daktari kwenye usingizi wa dawa.

Nilipokwenda kumchukua, daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alinisimamisha mlangoni. "Uvimbe umetoka wote," alisema. "Hilo tumemaliza. Lakini moyo wake ulinitisha pale mezani. Amezeeka. Sitathubutu kumlaza tena kwa dawa. Kwa hiyo mshono alionao ndio huo. Ukifunguka wote, sina namna ya kumshona upya."

"Sasa nifanye nini?"

"Asiulambe. Asiruke. Atulie."

"Mimi mwenyewe sijawahi kutulia, daktari."

Akacheka. Sikuwa natania. Mimi nala nimesimama. Chai nainywa natembea. Kazi yangu ni kushona makochi, na maisha yangu yote natengeneza vitu vya watu wengine kukalia. Kochi lililo sebuleni kwangu nililitengeneza baada ya mke wangu kugoma kupokea wageni kwenye stuli, na sikuwa nimelikalia hata mara moja kwa maana ya kukaa.

Shemeji alirudi amevishwa shingoni ile kola ya plastiki, kama ndoo isiyo na kitako. Akaanza kuzunguka. Kola inagonga mlango, inagonga mguu wa meza, inagonga ugoko wangu. Anaingia chumbani kumtafuta mke wangu, anatoka. Anaingia jikoni, anatoka. Mimi nikienda karakana ananifuata, nikirudi kuchukua mkasi ananifuata. Nikawa nasikia ile plastiki inakwaruza ukuta nyuma yangu kutwa nzima, kwaa, kwaa, mpaka meno yakaniuma.

Mke wangu akapiga simu. "Niwekee sikioni mwake."

Nikaingiza simu ndani ya ndoo. Sauti yake ikatoka humo kubwa kama ya kipaza sauti. "Baba! Baba yangu wewe! Unaumwa, baba?" Shemeji akasimama wima. Akaenda nyuma ya mlango. Akaenda chini ya kitanda, kola ikakwama, akavuta, akalia. Nilimtoa kwa kuinua kitanda kizima.

Nikarudi kwenye simu. "Usiongee naye tena."

"Kwa nini?"

"Anakutafuta."

Akauliza kama nimekula.

Sasa, ule mshono. Nilichuchumaa nikautazama vizuri, kama fundi. Sindano yao imepinda kama yangu, hilo nililiona nilipompeleka. Uzi wao ni mzuri pia. Lakini mshono wenyewe ulikuwa umeachiana! Kila fundo mbali na jingine, na uzi umelegea kiasi kwamba ungeweza kupitisha ncha ya njiti. Ningemletea mteja kochi la namna hiyo angenirudishia. Nikasema moyoni, huyu dada alikuwa na haraka. Nikainuka, nikachuchumaa tena, nikautazama tena. Haukunitoka akilini. Nikiwa napigilia fremu nauona, nikinawa nauona.

Halafu nikamkuta anajisugua kwenye kona ya kochi. Ndoo ilimzuia kulamba, haikumzuia kusugua. Pale pembeni uzi mmoja ulikuwa umelowa.

Hapo ndipo nilipochukua futi kamba.

Nilimpima kifua, tumbo, urefu wa mgongo, mapaja, nimshonee kizibao. Nilikuwa na mabaki ya ngozi bandia ya buluu, ngumu, ya kufutika, niliyobakiza kwenye viti vya ukumbi mmoja. Ndani nikaweka sponji nyembamba ili isimkwaruze. Nikakata matundu manne ya miguu. Nikakizungushia mkanda wa ukingo, kwa sababu siwezi kutoa kitu mikononi mwangu bila ukingo. Mgongoni zipu.

Tisa alikuwa ameacha kazi anatazama. "Bwana harusi, mwekee na vifungo vya mgongoni. Wageni wakija wamkalie."

"Piga randa yako."

"Na miguu nimchongee? Nina mbao za kutosha."

Nilimvalisha. Nilivuta pale palipokunjamana, nikaingiza tena mashineni, nikapunguza, nikamvalisha upya. Katika kazi yetu kukiwa na mkunjo mmoja hata kipofu anajua umelipua kazi. Mwishowe kizibao kilimkaa kama ngozi yake ya pili, bila mkunjo popote, na ule mshono uliolegea ukawa umebanwa barabara chini yake. Nikamvua ile ndoo. Shemeji akajikung'uta, akasimama kidogo kama anashangaa, akalala. Akalala kweli. Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa natembea mle ndani nikipiga mluzi.

Nikampiga picha nikaituma. Mke wangu akapiga hapohapo.

"Umemvalisha kochi mbwa wangu?"

"Kimemkaa au hakijamkaa?"

"Kimemkaa," alisema. "Anapumua?"

"Si unamwona yuko hai?"

"Haya, mume wangu. Mimi nauliza tu."

Kesho yake hakula. Nikasema ni utulivu. Kesho yake tena alikunywa maji, akarudi kulala, na nilipokwenda karakana hakuinuka kunifuata. Alijaribu. Alinyanyua kichwa, miguu ya mbele ikajikaza, kisha akakiacha kichwa kianguke. Nikaona ajabu, nikarudi. Nikainama.

Harufu ile naijua. Ukifumua kochi la zamani lililowahi kunyeshewa, sponji ikawa imekunywa maji ikayahifadhi humo, unapochana kitambaa cha kwanza inakupiga usoni. Iko tamu na imeoza. Fundi yeyote wa makochi anaijua hata akiwa na mafua. Ilikuwa inatoka kwa Shemeji.

Nilifungua zipu. Manyoya yalikuwa yamelowa chapachapa, ngozi nyekundu, imevimba, moto. Ule uzi niliosema umelegea ulikuwa sasa umezama ndani ya nyama. Na kwenye ncha ya nyuma mshono ulikuwa umeachia, umefungua mdomo mdogo mwekundu.

"Tisa!"

Alikuja anakimbia na penseli sikioni. Alitazama mara moja, akatoa funguo za gari mfukoni. Tulimlaza Shemeji kwenye mto wa kochi la mteja, tukamwingiza kwenye gari la Tisa la kubebea mbao, nikakaa naye nyuma katikati ya maranda. Kila shimo la barabara lilimtikisa Shemeji. "Polepole!" nikapiga kelele. Akapunguza. "Unakwenda wapi polepole hivyo? Kimbia!" Akakanyaga mafuta. Ningekuwa yeye ningenishusha njiani.

Daktari alimvua kizibao, akamsafisha. Nilikuwa natembea ukuta hadi ukuta. Kisha akaokota kizibao kwa vidole viwili.

"Nani kashona hii?"

"Mimi."

"Ni kazi nzuri."

"Asante."

"Ni kazi nzuri ya kiti, fundi. Kiti hakipumui. Kiti hakitoi jasho. Hiki ulichomvalisha hakipitishi hata unyevu, na ndani umeweka sponji inayonywa."

"Mshono ulikuwa umelegea," nilisema. Ilinitoka tu.

"Haukulegea. Niliuachia nafasi. Nyama ikianza kupona inavimba, na mshono uliokazwa unaikata. Wewe ukaukaza kwa nje." Akakitupa kizibao kwenye pipa. Sikukitetea.

"Umefunguka?"

"Safu ya chini imeshika. Ya juu imeachia kwenye ncha. Sitamlaza, kwa hiyo sitashona. Nimesafisha, nitampa dawa, palipoachia patajifunga penyewe. Kola inarudi. Mtandikie mashuka msije mkamweka kwenye plastiki. Lakini akiendelea kuhangaika, ile safu ya chini nayo itaachia, na hapo nitakuwa sina la kukuambia."

Nikaanza kutembea tena.

"Fundi. Kaa."

"Niko sawa."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Kaa."

Kulikuwa na kiti cha plastiki. Nikakaa. Akanionyesha kwa kidevu pale mezani. Shemeji alikuwa amelaza kichwa.

"Sasa inuka."

Nikainuka. Kichwa kikainuka. Nikapiga hatua kwenda dirishani, na yeye, na hali ile, na kidonda kile, akakunja miguu ya mbele chini yake ili asimame. Daktari akamshika. Nikakaa haraka. Kichwa kikarudi chini.

"Umeona? Tangu aingie hapa anakufuata kwa macho, mara ukuta huu, mara ule. Mama yake aliondoka yeye akiwa usingizini. Alipoamka hakumkuta. Amebaki na wewe, na wewe hutulii. Anakulinda usitoroke."

Tulimrudisha Shemeji nyumbani, kola shingoni.

Basi nikaanza kukaa.

Nasema hivyo kama ni jambo jepesi. Nilikalia kochi langu mwenyewe na kabla chai haijapoa nilishajua kasoro zake zote. Upande wa kushoto mikanda ya chini imelegea, unakaa unazama upande mmoja kama mlevi. Mkono wa kulia uko juu mno. Watu wameketi hapa wakanisifu, waongo wakubwa. Nilitaka kuinuka nilifumue saa ileile. Shemeji alikuwa chini, juu ya shuka, ndoo imeegemea mguu wangu, jicho moja wazi. Nikakaa.

Miguu ilikuwa inatikisika yenyewe. Nikaona nzi dirishani nikataka kumfuata. Nikakumbuka gundi niliyoiacha wazi karakana. Nikasikia mteja anaongea na Tisa uani, na Tisa anasema, "Fundi yupo, lakini amekaa," na mteja anauliza, "Amekaa? Anaumwa?" Nikawa nainuka, nikajizuia katikati. Jicho la pili likafunguka.

"Lala," nilimwambia. "Siendi popote."

Hakuniamini. Hata mimi sikujiamini.

Tisa akaniletea kazi za mkononi: vifungo vya kuvika kitambaa, mito ya kumalizia. "Sikujua nitakuja kukuona umekaa kama bibi anayefuma sweta," alisema akasimama mlangoni anafurahia. "Nikuletee na miwani?"

"Niletee uzi mweusi uondoke."

"Ongea kwa heshima. Mimi sasa ndiye mwenye karakana."

Nikawa nashona nimekaa. Nilijifunza kupanga mambo. Nikiinuka, nainuka kwa mambo yote: choo, maji, dawa yake, chakula chake, chakula changu, na ninarudi. Mwanzoni kila nilipoinuka aliinuka. Nikawa natembea polepole ili naye asikimbilie. Kisha akawa anainua kichwa tu. Kisha kuna wakati nilikwenda jikoni nikachemsha maji nikarudi, na jicho lilikuwa limefungwa. Nilisimama pale na kikombe na sikuweza kusema kwa nini nimekasirika kidogo.

Kidonda nilikitazama asubuhi na jioni. Kile kidomo kilikuwa kinatoa maji, kisha kikawa kinatoa kidogo, kisha kikavaa gamba. Sikukigusa. Vidole vyangu viliwasha kukigusa. Niliona nyama inavyoshuka, na uzi ule, uliokuwa umezama, unaanza kutokeza tena, umelegea vilevile alivyouacha daktari. Nilijisikia mjinga, na nikafurahi kuwa mjinga.

Mke wangu alipiga simu kila siku. Sikumwambia. Nilimwambia ameacha kizibao, kinampa joto. Hiyo ilikuwa kweli, ila kama vile tone la mvua ni kweli unapoulizwa habari za mafuriko. Nililala vibaya kwa ajili hiyo.

Aliposema anakuja nikamwambia, "Usipige hodi. Usimwite. Ingia polepole kama mwizi."

"Kwenye nyumba yangu?"

"Mke wangu, nakuomba."

Aliingia kama mwizi kweli. Viatu mkononi. Lakini nani alimwambia mbwa anahitaji viatu ili ajue mtu? Alikuwa bado kwenye ngazi za nje Shemeji alipoinuka. Hakuinuka kama mgonjwa. Aliruka. Ndoo ikapiga meza, kikombe kikaenda, akateleza, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamwangukia mke wangu kifuani akilia kama mtoto mchanga, anazunguka, anaruka tena.

"Mshike!" nilikuwa napiga kelele. "Mshike tumbo! Asiruke! Kaa chini, kaa chini naye!"

Mke wangu akajitupa sakafuni na nguo zake za safari, akamkumbatia shingo, ndoo na vyote. Nilipiga magoti. Nikamgeuza ubavu. Sikuweza kutazama, nikatazama.

Mshono ulikuwa mkavu. Mstari mmoja mwembamba, wa waridi, gamba dogo kwenye ncha. Hakuna damu. Hakuna palipoachia. Nikapitisha dole gumba pembeni, mbali kidogo, nikavuta ngozi taratibu kama ninavyopima mshono wa kochi kabla mteja hajalichukua.

"Umeshika," nilisema. "Umeshika, mke wangu."

Alikuwa analia na kucheka, analambwa machozi kupitia ile plastiki. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mbavu, chini ya kwapa, ambapo manyoya yalikuwa yameota vibaya kwa mstari mnyoofu.

"Hii alama ya nini?"

"Ya ukingo," nilisema. "Wa kizibao. Nilikibana. Kikamfungia jasho, ncha ikaachia, akaoza kidogo. Daktari akamsafisha. Ningemuua."

Aliifuata ile alama kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Ungeniambia ningefanya nini kutoka kule? Ningelia tu." Akavuta pumzi. "Lakini ungeniambia."

"Ndiyo."

Sikujua pa kuweka mikono. Nikaona kikombe kilichovunjika, nikainuka nikiokote, na nichemshe maji, amesafiri, hajanywa chochote. Nyuma yangu nikasikia plastiki. Kwaa. Shemeji alikuwa ametoka mapajani kwa mke wangu, yuleyule aliyemlilia wiki zote zile, anajikongoja kunifuata jikoni.

Mke wangu alimtazama. Akanitazama mimi.

"Kaa chini," alisema.

"Nani, yeye?"

"Wewe! Yeye anakufuata wewe. Kaa."

Nikakaa, upande wa kushoto, nikazama. Shemeji akarudi, akazunguka mara moja, akajitupa chini na ndoo juu ya mguu wangu. Mke wangu akainuka kwenda kuchemsha maji.